Msiba Uliokabidhiwa Pamoja na Kamba

Melini,
Vyumba vya chini, upande wa injini.
Tarehe 14 Agosti.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepoa kidogo. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala kiasi, kazi naifanya. Hayo mengine utayasoma huko mbele.

Shemeji hajambo? Watoto hawajambo? Na Shangazi, bado anatembea mwenyewe mpaka dukani? Safari hii nijibu kweli, Dada. Nitajie mmoja mmoja, nani yuko na nani hayuko, maana siku hizi nikisoma kwamba "sote hatujambo" nabaki najiuliza hao sote ni akina nani.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Nikikupigia utalia, na wewe ukilia mimi hunyamaza, tangu utotoni ndivyo tulivyo. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Mpishi wetu anashuka bandari ijayo, mkataba wake umekwisha, na ndiye atakayeitia posta. Nahodha ameniuliza kama na mimi nashuka naye nije nyumbani. Jibu langu utalipata humu humu, lakini kwanza nivumilie.

Uliniuliza nani aliyeniambia habari za Mama. Uliuliza kwa hasira kabisa, kana kwamba kuna mtu amekuibia. Basi nitakueleza, na ukimaliza kusoma utaona kwamba hakuna wa kumgombeza.

Unamkumbuka Mzee Polepole, yule sarahangi niliyekuwa nakusimulia? Sarahangi ndiye msimamizi wetu sisi watu wa sitaha. Ndiye anayepanga nani apande juu ya mlingoti kupaka rangi, nani agonge kutu, nani ashike kamba meli inapofunga au kuondoka gatini. Huyu tulimwita Polepole kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni. Mkataba wake uliisha, akaja mwingine kushika nafasi yake, mtu mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara.

Sisi wa baharini hatuachii mtu kazi hivi hivi. Anayeondoka humkabidhi anayeingia. Wanazunguka sitaha nzima pamoja, na yule wa zamani anaonyesha ubovu wote ambao mgeni hawezi kuuona kwa macho. Polepole akamwonyesha breki ya winchi ya mbele, ile mashine ya kuvutia kamba, ambayo inateleza ikilowa. Akamwonyesha kamba moja iliyolika kwa ndani. Akamwambia mlango wa stoo ya rangi unabana vidole. Halafu akamkabidhi na mimi: yule mrefu amefiwa na mama yake, usimpandishe juu, usimweke karibu na kamba. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilikuwa limeshafika gatini, dereva anapiga honi, mzee wa watu akaharakisha kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akasahau kusema kitu kimoja tu, kwamba mfiwa mwenyewe hajui.

Simlaumu mgeni. Mtu gani mwenye akili timamu angeuliza kama mfiwa anajua kwamba amefiwa?

Siku ya pili yake tukawa tunaondoka. Nilikwenda mbele kama kawaida yangu, nimevaa glavu, nikasimama pale ninaposimama siku zote. Yule mfupi akanipungia mkono nirudi nyuma.

"Wewe kaa kule, usisogee hapa."

"Mimi ni wa mbele, bosi. Uliza mtu yeyote."

"Najua. Lakini wewe una msiba. Mwenye msiba mimi simweki kwenye kamba. Akili haiko hapa."

"Msiba gani?"

"Si wa mama yako?"

Alisema hivyo bila ubaya wowote, Dada, kama mtu anayekukumbusha umeacha mwavuli. Kamba ya meli ikikaza halafu ikakatika, inarudi kwa nguvu ya kumkata mtu mguu, kwa hiyo alichokuwa anafanya ni kunilinda. Nikawageukia wenzangu nicheke nao, nione nani kanitungia mzaha huu. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanaangalia glavu zao. Ndipo nilipojua kwamba ni kweli, na kwamba wao walijua kabla yangu.

Na wakati huo kamba ya mwisho ilikuwa imeshaachiwa. Gati lilikuwa karibu mno, naona hata sigara mdomoni mwa mfanyakazi wa bandari, lakini meli ilikuwa imekwisha kuachana na nchi kavu. Kama yule bwana angenifukuza pale mapema kidogo ningeteremka ngazi kwa miguu yangu. Sasa nikabaki nimesimama kwenye winchi, nakunja kamba iliyolowa, maana haijikunji yenyewe. Nilikunja vizuri tu. Watu wakanipisha nipite kama nimebeba sufuria ya uji wa moto.

Hivyo ndivyo usiri wenu ulivyopasuka. Usimtafute mchawi.

Sasa ngoja nikuambie kinachoniuma kuliko kutoambiwa. Unakumbuka niliwaandikia kwamba nyota yangu imeng'aa? Kwamba ghafla nimetolewa kwenye kazi za kuning'inia ubavuni mwa meli na ndoo ya rangi, nikapandishwa kushika usukani? Niliwaambia kwamba chifu mwenyewe, msaidizi mkuu wa nahodha, anasimama nami pembeni, hanibanduki, ananifundisha, na kwamba bila shaka naandaliwa cheo. Nilivimba kichwa, Dada. Nilitembea sitahani nimeinua kidevu. Mpishi alikuwa ananiwekea paja la kuku, mimi nikasema, naam, watu wameanza kunitambua. Mafundi wa injini walikuwa wananifunga dhumna kila jioni tangu nije humu. Ghafla nikaanza kushinda mimi, kila jioni, mpaka nikawatania kwamba wawaite wajomba zao waje kuwasaidia. Walikuwa wananiachia. Wanaume wazima na mikono yao ya grisi, wanashika dhumna nzuri na kuzificha ili yatima afurahi.

Chifu hakuwa ananifundisha lolote. Alikuwa amewekwa pale ili nisije nikajitupa.

Na wewe ukanijibu. Maneno yako ninayo mpaka leo kwenye simu, sijayafuta. Uliandika: "Hongera sana mdogo wangu, Mama amefurahi sana, anasema uzidi kujitahidi kazini." Mama alikuwa ameshafukiwa. Udongo ulikuwa haujakauka, na wewe umekaa kwenye kiti chako cha jikoni unamfurahisha kwa vidole vyako. Mlinivika kilemba cha ukoka, na mimi nilivyo mjinga nilikiweka sawa kichwani nijitazame kwenye kioo.

Nilipaswa kushtuka. Mama hajawahi kuniuliza habari za kazi hata siku moja. Swali lake lilikuwa nimekula nini, na nikimjibu aliuliza nani kapika, na nikimwambia ni mwanamume alisikitika. Huyo Mama wako wa kwenye simu alikuwa anazungumza kama mwalimu mkuu. Hukuweza hata kumwiga vizuri. Uliishi naye miaka yote, ukamwogesha, ukamsuka nywele, halafu ulipotaka kuniongopea ukashindwa kukumbuka swali lake.

Nilikwenda kwa nahodha nikiwa nimefura. Nilidhani nitapata wa kugombana naye. Unajua sisi na manahodha, mtu unapanda ngazi huku umeandaa matusi, ukifika juu unavua kofia. Alinikaribisha kwenye kiti, akafunga mlango, akaniambia yote kwa upole, na kila alichosema kilinikata zaidi.

Akasema siku habari zilipomfikia tulikuwa tumefunga gatini, tena palikuwa na mtu anashuka kwenda kwao. Akasema alikuwa ameshazungumza na kampuni, wamekubali, tiketi ingepatikana, ningewahi kaburini au angalau ningekuta watu bado wamekaa nyumbani. Akasema alikupigia wewe kwanza, kwa sababu nilipoajiriwa niliulizwa nani aarifiwe likitokea jambo, nikakutaja wewe badala ya Mama, maana Mama simu alikuwa haisikii vizuri. Na wewe ukamwambia hapana. Aachwe amalize mkataba wake. Akiambiwa ataruka baharini.

Dada, mgeni ambaye hajui hata jina la kaya yetu alitaka nimzike mama yangu. Wewe ndiye uliyekataa.

Nimejaribu kukumbuka siku ile nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nagonga kutu kwenye ngazi ya nyuma. Jua lilikuwa kali, nikawa nimevua shati, mpishi akaja na maji ya baridi tukapiga soga kuhusu mkewe anavyomhesabia soksi. Nilicheka mpaka nyundo ikanidondoka. Ng'ambo ya uzio wa bandari nilikuwa naona teksi zimepanga foleni, madereva wamelala. Yoyote kati ya hizo ingenifikisha uwanja wa ndege kabla ya jioni.

Mpishi alikuwa hajui bado. Aliambiwa jioni ile ile. Ameniapia, na huyo namwamini.

Sababu zako nimezisoma, si kwamba sijazisoma. Umenikumbusha yule baharia wa mtaa wa pili, aliyeambiwa baba yake yu mahututi, akavunja mkataba akarudi, kampuni haikumwita tena, na leo yupo pale kwa kinyozi kila siku anasoma gazeti la juzi. Uliogopa nitakuwa kama yeye. Najua ulipata tabu na mimi, najua ulivyohangaika mpaka nikapata kitabu changu cha ubaharia, na sitasema kwamba ulifanya kwa roho mbaya. Ingekuwa ni roho mbaya ingekuwa rahisi. Ningekutukana nikalala.

Lakini na huyo wa kwa kinyozi, hukumuuliza. Mimi niliwahi kumuuliza. Alisema baba yake alimshika mkono.

Halafu ukaweka neno ambalo ulidhani litanifunga mdomo, kwamba Mama mwenyewe ndiye aliyesema nisisumbuliwe, niachwe na kazi yangu. Naamini alisema. Mama ndiye yule aliyekuwa akisema ameshiba na sufuria iko tupu. Alisema haumwi na hawezi kusimama. Alisema viatu havimbani, tukaja kumkuta na malengelenge. Tangu lini sisi watoto wake tukawa tunachukua maneno yake kama yalivyo? Sisi ndio tuliokuwa tunajua kuyageuza. Akisema msinijali, tunakwenda kukaa karibu naye. Wewe ulinifundisha hivyo, mimi nikiwa mdogo, nimekaa mlangoni nataka kwenda kucheza. Ulinishika sikio ukanirudisha ndani.

Siku hiyo ya mwisho ukaamua kumsikia neno kwa neno. Ilikufaa.

Yule sarahangi mfupi amekuja kuniomba radhi. Alikaa kitandani kwangu, kofia mapajani, akasema kwamba tangu aanze kazi hii hajawahi kukabidhiwa kitu kibovu namna ile. Nikamwambia asijisumbue. Sasa amenirudisha kwenye kamba, mbele, mahali pangu. Amesema, "Ukishajua, angalau unajua unachokiwaza." Nikaona huyu mkavu amenijali kwa maneno hayo kuliko wote walioniwekea mapaja ya kuku. Paja la kuku nalo limekwisha. Mafundi wa injini wamerudi kunifunga dhumna, wananifunga bila huruma, na nawashukuru.

Jambo jingine. Umeniandikia kwamba paa la nyumba ya Mama linavuja juu ya kabati na unauliza kama mhamishe vitu. Hamisheni. Sina neno. Redio yake mpe Shangazi, ndiye aliyekuwa akija kusikiliza naye. Na yule mtoto wako wa katikati, nimesikia anasema akikua atakuwa baharia kama mjomba, aione dunia. Mwambie dunia ninayoiona mimi ni makontena mbele, makontena nyuma, na mlango wa bandari ambao sina nafasi ya kutoka, kwa sababu meli ikishapakuliwa inaondoka. Mwambie bandari zote zina taa zile zile. Akiendelea kung'ang'ania, mwambie na hili la bibi yake, ili ajue anachoomba.

Sasa nije kwenye lile unalolingoja. Umeniambia nguo za Mama hamjazigusa, chumba chake kiko kama kilivyo, unataka nije tulie pamoja. Umesema hujalia sawasawa kwa sababu ulikuwa unajizuia kwa ajili yangu. Nimekuamini, Dada, na nimekuonea huruma, na bado hasira haijatoka.

Nimemjibu nahodha kwamba sishuki. Nitamaliza mkataba wangu mpaka siku ya mwisho. Si ndivyo ulivyotaka? Basi nimekutii. Mara ya kwanza ulinikatalia wewe, mara hii nimekataa mwenyewe, na hutapata wa kumlaumu.

Hiyo ndiyo sababu niliyompa nahodha, yaani kazi. Wewe nitakupa ya kweli, kwa sababu mmoja wetu ni lazima aanze kusema kweli. Naogopa. Humu melini sijawahi kuishi na Mama. Hana kiti humu, hana mlango, hana kikombe. Nikiamka simwoni, na sikuwahi kumwona, kwa hiyo hakuna kilichopungua. Nimeshasikia kwamba amekufa, nimeona kwenye nyuso za watu, lakini hajafa bado mahali ninapoishi mimi. Atakufa siku nitakayosukuma geti lile na asitoke mtu kuniuliza nimekula nini. Ninyi mlimzika mkiwa wengi, mmeshikana. Mimi mtaniachia nimzike peke yangu, siku ya Jumatatu, watu wamekwenda makazini. Ndicho ulichoninyima, wala siyo safari. Kulia na watu kuna siku zake, na zangu zilipita mimi nikiwa nashinda dhumna.

Basi niache kidogo. Usinitumie ujumbe kila siku. Nikiwa tayari utaniona.

Nisalimie Shemeji, mwambie simwekei kinyongo, nafahamu kwamba humo ndani amri ni yako. Nisalimie watoto wote watatu, na huyo baharia mtarajiwa umvute sikio kwa niaba yangu. Shangazi mpe mkono, mweleze kwamba nilimuulizia. Jirani wa upande wa kisima, aliyemfumba Mama macho, mshukuru sana. Huyo alifanya iliyokuwa kazi yangu. Kwa Mama usinipelekee salamu. Ulimsemea ya kutosha, na mimi ulinisemea. Za kwake nitazipeleka mwenyewe.

Mungu akulinde, akupe afya na usingizi, na akusamehe upesi kuliko mimi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda, na ndiyo maana imeniuma hivi.